Maimuna na Programu Mbili Zilizosubiriana

Chaani, Changamwe
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa mwanangu Maimuna,

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha kwa salamu ambazo hazitoki mbali, maana mimi niko hapa barazani na wewe uko ndani, na kicheko chako nakisikia kikipita dirishani. Mamako na shangazi zako wamekizingira kisanduku chako wakibishana kama kitafungika au hakifungiki. Nimeambiwa nawazibia njia, nikaondoka na kalamu.

Barua hii nitakupa leo baada ya isha, uisome peke yako. Humu hamna habari za sweta, wala za chakula, wala za swala huko ambako wasema wakati mwingine jua halijui kuchwa. Hayo mamako ameyasema, akayarudia, na kesho garini atayarudia tena. Mimi nina neno moja tu ambalo sijakwambia. Wanijua mdomo wangu ulivyo mzito. Tangu ile Jumapili ya ofisini nimekuwa nikilizungusha kinywani kama kokwa ya tende, nikimeza mate nalo likibaki. Ukipanda ndege kabla sijalitoa sitajisamehe. Lakini siwezi kulisema hivi hivi. Lazima nilifikie polepole, nawe unistahamilie.

Siku habari zako zilipoenea, Bi Mwanasha jirani yetu alinikamata dukani.

"Baba Maimuna, eti mtoto anakwenda Ulaya kugonganisha magari?"

"Ndiyo."

"Kwani haya yetu ya pale mzungukoni hayakumtosha?"

Duka zima lilicheka, na mimi nikacheka. Nikajaribu kumweleza kwamba hayagongani kikweli, yagongana ndani ya kompyuta. Akafikiri kidogo, akaninyoshea unga wake niushike ili afunge mtandio, akasema, "Alhamdulillahi. Basi hakuna wa kuzikwa."

Alikuwa akifanya mzaha. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani neno lile lilinifuata. Nikaona kwamba Bi Mwanasha, bila kujua, ameieleza kazi yako kuliko nilivyoieleza mimi. Yagongane huko ndani, mara elfu ikibidi, ili huku nje asizikwe mtu.

Mimi mwenyewe sikuielewa mpaka siku ile uliponiwekea mkebe wa biskuti mbele yangu hapa hapa barazani. Ulitia nyanya ndani, ukafunga kifuniko, ukaupigiza mkebe kwenye nguzo. Mkebe ukabonyea kidogo tu pembeni. Ukaufungua, nyanya imepasuka.

"Nyanya ya mchuzi hiyo," mamako akasema kutoka jikoni. Alikuwa hata hajaiona. Ameisikia.

Ukaniambia, "Baba, kuna programu inayojua habari za mkebe. Hiyo yajua chuma: kinakunjika wapi, kinavunjika lini. Habari za mtu haijui kabisa. Na kuna nyingine inayojua habari za nyanya. Yajua shingo ya mtu, mbavu zake, magoti yake. Habari za chuma haijui."

Nikakuuliza watu hufanyaje basi. Ukasema huiendesha ile ya chuma kwanza mpaka mwisho, kisha majibu yake huipa ile ya mtu, nayo ikaendelea peke yake.

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Baba, mtu naye ana uzito. Akirushwa mbele akakipiga kiti, kiti kinapinda. Kikipinda, kinavuta sakafu. Sakafu ikiinuka, yamrudia yeye. Yote hayo ni kwa wakati mmoja. Sasa ile ya chuma imeshamaliza hesabu zake zamani, haikujua kama garini mlikuwa na mtu."

Niliutazama mkebe. Ulidhani sikuelewa, ukaanza kunieleza upya. Nilikuwa nimeelewa, mwanangu. Nilikuwa nikimfikiria Fundi Omari.

Omari wamjua tangu mdogo, lakini hukutujua tukiwa marafiki. Pale karakana yeye huunda bodi za mabasi na mimi hutengeneza viti. Tulianza pamoja tukiwa vijana, tukila sahani moja. Kisha siku moja, mbele ya mafundi wote, aliviangalia viti nilivyokuwa nimevipanga uwanjani, akasema, "Hivi viti vya basi au vya msibani?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda zangu, na kesho yake nilipofika sikumtolea salamu, nikisema moyoni kwamba aliyekosa ndiye aanze. Yeye naye, kama nilivyokuja kujua, alisema moyoni kwamba aliyenuna ndiye aanze.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na ugomvi wala matusi. Kila mmoja alikuwa akimngojea mwenziwe. Tulikuwa chini ya paa moja tukizungumza kwa kupitia watu. "Mwambie fundi wa bodi aondoe ngazi yake." "Mwambie fundi wa viti ngazi haijamuuma." Wewe ulikuwa hujaanza chuo cha Kurani wakati huo. Ulipomaliza sekondari tulikuwa tungali tukiambiana hivyo hivyo.

Nitakwambia ubaya wake, maana huu ndio uliokuja kichwani mwangu ulipoupigiza mkebe. Palikuwa na basi moja zuri, bodi ya Omari imara kama ngome, viti vyangu nimevishona kwa uzi maradufu. Nilipofika kuvifunga, sakafu ilikuwa imeshafunikwa mbao. Sikujua chini yake vyuma vimepita wapi. Palikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza, naye alikuwa hatua chache kutoka kwangu, ameinamia kazi yake. Sikumuuliza. Nikatoboa pale nilipoona panafaa, nikakaza boliti zangu, nikapangusa mikono.

Tajiri mwenye karakana mwenyewe akalitoa basi kulijaribu, ameketi safu ya mbele kama bwana harusi. Walipofika mzungukoni dereva akakanyaga breki, na ile safu yote, tajiri juu yake, ikasogea mbele taratibu mpaka magoti yakamfika kwa dereva. Alirudi karakana angali amekalia kiti kile kile, amekishika kwa mikono miwili. Boliti zangu zilikuwa zimeshika mbao tupu.

Hakuna aliyeumia. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Nami mchana ule nilicheka. Lakini nilipokaa kwenye swala ya isha, badala ya kumkumbuka Mola wangu, niliiona ile safu ikisogea, safari hii imejaa akina mama na watoto wao mapajani. Bodi ilikuwa nzuri na viti vilikuwa vizuri. Kilichokosekana ni neno moja kati ya watu wawili. Tulilirekebisha basi lile, tukatia vyuma panapohitajika. Na bado hatukusemezana.

Basi wale wa chuo cha huko Ulaya walipokutumia diski zao, wakikwambia uzifanye programu mbili ziende pamoja kwa jambo dogo tu, kiti kimoja cha basi kimefungwa sakafuni na mtu mmoja amekikalia, na kwamba ukiweza nafasi ni yako na usipoweza atapewa mwingine, mimi nilijua unachokwenda kufanya ni kitu gani. Sikukwambia. Nilikwenda kwa tajiri nikamwomba zile kompyuta mbili za ofisini, ya hesabu na ya michoro, wakati ofisi imefungwa. Akasema, "Kwa Maimuna? Chukua. Lakini asinigonganishie mishahara."

Mamako akasema binti hakai peke yake katika ofisi tupu. Ndipo nikawa msindikizaji wako, kila Jumamosi mchana na kila Jumapili, nimeketi pembeni na tasbihi yangu na chupa ya chai ya tangawizi. Wafikiri nilikuwa nasinzia. Nilisinzia, ndiyo, lakini si wakati wote. Nataka ujue nilichokiona.

Nilikuona ukizigeuza zile kompyuta zikapeana migongo, ukaziunga kwa waya uliotengeneza mwenyewe. Moja ukaipa chuma, moja ukaipa mtu. Ukavua viatu, ukatia bismillahi, ukaanza. Mara ya kwanza yule mtu wako alitoka kitini akapita paa la basi akaenda zake mbinguni. Ukanitazama, nikakutazama.

"Inna lillahi," nikasema.

Ukacheka mpaka machozi. Kisha ukafuta, ukaanza upya. Alipaa tena. Siku nyingine alizama ndani ya kiti kama jini, akatokea upande wa pili. Mimi ningekuwa ni wewe ningelipiga teke lile sanduku. Wewe ulichukua karatasi, ukaandika ulichokibadilisha, ukabadilisha kimoja tu, ukajaribu. Hakikuwa hicho. Ukakirudisha kama kilivyokuwa, ukashika kingine. Nilipokuuliza tatizo ni nini ulinijibu "Sijui, Baba," bila haya na bila hasira, kama mtu anayesema chai haijaiva. Mimi kwa umri huu wangu neno "sijui" bado lanipalia. Lingenitoka siku ile ya sakafu, tajiri asingerudi karakana amekumbatia kiti.

Kisha ikaja ile Jumapili. Ulikuwa umebakiwa na siku chache za kupeleka majibu. Uliziwasha zote mbili, na safari hii mtu hakupaa wala hakuzama. Hapakutokea kitu. Skrini zote mbili kimya, kwenye kila moja kile kialama kidogo kinameta na kuzima, kinameta na kuzima. Nikafurahi. Nilidhani zinapiga hesabu kubwa. Nikakumiminia chai. Chai ikapoa. Adhuhuri ikapita, tukala mihogo yetu, alasiri ikaingia, na vile vialama vinameta tu.

"Zafanya nini?" nikakuuliza.

"Sijui, Baba. Kila moja peke yake ni nzima. Nikiziunga tu zanyamaza."

Na hapo, nikwambie ukweli maana hii ndiyo barua ya kuambiana ukweli, moyo wangu ulifanya jambo la ajabu. Upande mmoja uliumia kwa ajili yako. Upande mwingine ulisema polepole: basi atabaki nyumbani. Nikatoka kwenda kutawadha kabla uso wangu haujaniumbua.

Lililofuata macho yako yaliliona dirishani, lakini maneno hukuyasikia. Bawabu Mzee Juma alikuwa ametandika mkeka chini ya banda. Fundi Omari naye alikuwako, alikuja kumaliza kuchomelea bodi iliyotakiwa Jumatatu. Mzee Juma akakimu swala. Akamaliza. Mbele hapakuwa na mtu wa kusalisha.

Tulikuwa tumesimama watatu kwenye mstari kama watu wanaopigwa picha. Mimi nikamwonyesha Omari kwa mkono: tangulia. Yeye akanionyesha mimi. Nikamwonyesha tena. Haikuwa adabu, mwanangu, ingawa kwa mbali yafanana na adabu. Kila mmoja alitaka mwenziwe ndiye asogee.

"Haya, mwangojani?" Mzee Juma akasema. "Fundi Omari, sogea."

"Mwambie fundi wa viti asogee. Ndiye msomi."

"Mwambie fundi wa bodi," nikasema, "ndiye mkubwa."

Mzee Juma akatutazama mmoja mmoja. "Niwaambie nini, nanyi mwasikiana? Jua laenda hilo." Akasukuma kofia yake mbele, akapita katikati yetu. "Basi leo mtasalishwa na mimi, na sura yangu moja ile ile ya Qulhuwallahu, na atakayecheka swala yake si yangu."

Hatukucheka. Wewe ndiwe uliyecheka. Nilikusikia.

Niliporudi hukuwa ukicheka tena. Ulikuwa umeinama, vidole vinakwenda, na ushungi umekuteleza mabegani bila habari.

"Baba," ukasema bila kugeuka, "kila moja yangoja nyingine ianze."

Ukanieleza huku ukiandika. Ile ya chuma ilikuwa imeambiwa isisogee mpaka iambiwe mtu amesukuma kwa nguvu gani. Ile ya mtu imeambiwa isisogee mpaka iambiwe kiti kimefika wapi. Basi zilikuwa zimekaa pale tangu asubuhi, kila moja timamu, kila moja ina haki yake, zikisubiriana. Zingekaa hivyo mpaka umeme ukatike.

"Sasa nani ataanza?"

"Chuma. Nimekiambia kianze hatua ya kwanza bila kuambiwa kitu, kama vile mtu bado hajasukuma. Kisha kingoje jibu. Hata kikikosea kidogo pale mwanzo, mtu atakisahihisha hatua ya pili."

Ukaongeza kwamba hata mwendo wao si mmoja. Chuma huenda kwa vihatua vidogo vidogo vingi, mtu huenda kwa hatua ndefu, nawe hukumlazimisha yeyote aende kama mwenziwe. Ulichowapa ni mahali pa kukutana. Anayefika kwanza asimame, wapeane habari, waendelee.

Hukusema neno juu ya wazee watatu kwenye mkeka. Ulikuwa na adabu ya kutosema, na mimi nilikuwa na akili kidogo ya kusikia.

Ukabonyeza. Vile vialama vikaacha kumeta, tarakimu zikaanza kushuka kwenye skrini zote mbili, huku na huku, huku na huku. Zilishuka mpaka karibu na magharibi. Kisha ukaniita, "Baba, njoo uone," na ukanionyesha picha zilizochorwa kwa mistari, moja baada ya moja. Mtu anaondoka kitini. Mkanda unamkamata. Kiti kinainama mbele pamoja naye. Boliti za nyuma zinavuta sakafu, sakafu inainuka kama ngozi ya mtu anayefinywa. Kisha vyote vinarudi nyuma, mtu na kiti, pamoja.

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona yale niliyoyaona kwenye swala ya isha miaka mingi nyuma, safu ikiondoka na watu wake. Ila hapa pana mtu ameliona jambo kabla halijatokea, ameketi bila viatu katika ofisi ya Changamwe, na mtu huyo ni mwanangu. Ukanigeukia, ukangoja niseme kitu.

Nikasema, "Hicho kiti kimeshonwa vibaya."

Ulitabasamu, ukageuka, ukaanza kuzima mashine. Nimeuona mgongo wako ule kila siku tangu siku ile.

Sasa nikwambie la leo, kisha nimalize, maana shangazi yako ameshaniita nije nikikalie kisanduku.

Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri msikitini, sikurudi nyumbani. Nilikwenda mpaka kwa Omari. Nilipita mlango wake, nikarudi, nikapita tena. Kuku wake walianza kunishuku. Mwisho nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiye nani?"

"Fundi wa viti vya msibani."

Mlango haukufunguka, mwanangu. Nilijisemea, kikikosea kidogo pale mwanzo, kitasahihishwa. Nikasema, "Asalaam alaikum, Omari."

Mlango ukafunguka. Amezeeka. Nimekuwa nikimwona kila siku karakana na sikuwa nimemtazama. Akaitikia salamu yote mpaka mwisho wake, neno kwa neno. Kisha akasema, "Umechelewa. Kahawa imepoa." Akasogea pembeni nipite.

Tuliinywa ikiwa baridi. Aliniuliza habari zako, nikamweleza ile habari ya chuma na mtu. Alisikiliza, akasema, "Na ni nani aliyeambiwa aanze?" Nikamwambia, chuma. Akasema, "Chuma ni mimi. Kumbe ilikuwa zamu yangu." Akanitilia kikombe cha pili. Kesho yeye ndiye atakayekupeleka uwanja wa ndege, na pikapu yake. Amesema kisanduku kisipofungika atakichomelea.

Hilo ndilo nililolipata kutoka kwako, na nililipata nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nimeketi kitako na chai. Sikulipata kwa kuhubiriwa. Nililipata kwa kukutazama ukifanya kazi. Huko uendako utakaa na watu waliosoma kuliko wewe, na wengine watakuwa wazuri na wenye haki zao, nao watakungoja uanze, kama nilivyomngoja Omari. Wewe wajua la kufanya. Mimi sina cha kukufundisha hapo.

Na sisi wawili tumefanana, mamako husema hivyo akiwa amekasirika. Kesho tutafika kwenye kile kizuizi ambacho msindikizaji hapiti. Wewe utangoja baba aseme. Mimi nitangoja nione kama wataka kuambiwa. Mamako atakuwa akilia na Omari atakuwa akitazama viatu vyake, na ndege haingoji.

Basi usiwe na wasiwasi. Kesho pale kizuizini mimi ndiye nitakayeanza. Nitakwambia kwa sauti, mbele ya watu, kwamba nilikiona ulichokifanya Jumapili ile, na kwamba katika umri wangu sijaona kazi nzuri kama ile, wala mtu aliyeifanya kwa moyo mzuri kama ule. Nikikwama katikati, nisahihishe.

Mwenyezi Mungu akutangulie kila uendako.

Babako